Pima Lenzi kwa Rula Kabla ya Kumlipa Fundi

Hapa tumezoea kuzungumzia mbegu, mbolea na dawa. Leo nazungumzia kamera, kwa sababu siku hizi mnunuzi wa kuku, wa mkeka au wa kinyago anataka aone picha kwanza ndipo atume pesa. Hata sisi wa ugani tunaitegemea. Kiwavijeshi vamizi, aliyeingia nchini mwaka 2017, tunamtambua kwa alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyojipanga mraba karibu na mkia. Kichwa kikitoka na ukungu na jani la nyuma likatoka safi, picha hiyo haimsaidii mtu.

Ugonjwa huo huo niliukuta Mwenge, kwenye soko la vinyago. Rafiki yangu mmoja na wenzake watano walichangishana wakanunua kamera ya mtumba pamoja na lenzi ya milimita 50. Kila wakilenga macho ya kinyago, macho yanatoka na ukungu na masikio yanatoka safi. Mteja wa nje alikuwa anasubiri picha za vinyago kumi na viwili ili aagize. Fundi mmoja akawaambia lenzi imekufa, alete nyingine kwa laki mbili na nusu. Pesa hiyo ilikuwa ya kununulia mpingo.

"Bwana shamba, wewe unapiga picha wadudu kila siku. Hebu tutazamie," akaniambia.

Swali la kwanza ni hili: je, kuna mahali popote kwenye picha palipotoka safi? Kama picha nzima ina ukungu, mara nyingi ni mkono uliotikisika au mwanga mdogo. Kama kuna mahali safi ila si pale ulipolenga, hapo ndipo tunaishuku kamera. Lakini mpingo nao ni mtihani. Kamera inapolenga yenyewe hutafuta mistari na tofauti ya weusi na weupe, na shavu jeusi lililosuguliwa likang'aa halina mistari. Kwa hiyo usipime kwa kinyago.

Tulichukua boksi la sabuni tukalibandika gazeti, tukalisimamisha mezani penye mwanga wa kutosha. Pembeni yake tukaegemeza rula kwa mshazari, namba 15 ikiwa sawasawa na uso wa boksi. Kamera tukaiweka juu ya stuli, mita moja kutoka hapo, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa kwenye f/1.8. Kwa umbali huo sehemu inayotoka safi haizidi sentimita tatu hivi, kwa hiyo kosa dogo halijifichi. Tukalenga gazeti kwa alama ya katikati, tukaweka saa ya sekunde mbili ili kidole kisitikise, tukapiga kumi. Kabla ya kila picha tulizungusha lenzi ipotee, ndipo tukaiacha ilenge upya.

Picha tisa kati ya kumi zilikuwa safi sentimita mbili nyuma ya boksi. Hilo lilinifurahisha. Kosa linaloenda upande mmoja kila mara linarekebishika. Linaloyumba, mara mbele mara nyuma, ndilo la kuogopa.

Kisha tukalenga kwa kutumia kioo cha nyuma cha kamera. Picha ikatoka safi kabisa, na hapo tukajua lenzi haijafa. Kamera hizi zenye kioo cha ndani kinachoruka ukibonyeza, zina kihisi cha kulengea kilicho chini ya kioo hicho, tofauti na kile kinachopokea picha. Njia hizo mbili zisipolingana, hata kwa kiasi kidogo sana, kamera inaamini imelenga kumbe imepitiliza. Ukitumia kioo cha nyuma, kihisi kinachopokea picha ndicho kinacholenga.

Baadhi ya kamera zina sehemu ya kurekebisha kwenye menyu. Nikon huiita AF fine-tune, Canon huiita AF Microadjustment, na huanzia −20 hadi +20. Namba za kutoa huvuta shabaha karibu nawe, za kujumlisha huisogeza mbali. Tulijaribu −5, tukapima tena, tukaishia −8. Si kila kamera inayo: Canon 50D na 70D zinayo, 60D haina, na za bei ya chini nyingi hazina. Mwenye hizo alenge kwa kioo cha nyuma, au afunge tundu hadi f/5.6.

Fundi anahitajika pale ambapo gazeti lililobandikwa ukutani linatoka safi upande wa kushoto na ukungu kulia, ilhali kamera imesimama sawa. Lenzi hiyo huenda imeanguka vioo vikahama, na menyu haitakusaidia. Kwa simu, futa lenzi na usikaribie mno. Rudi nyuma kidogo, kisha ukate picha.

Picha kumi na mbili zilitumwa jioni ile ile. Kwa nyuso zinazong'aa, kijana wao huweka kipande cha tiketi ya daladala juu ya pua ya kinyago, analenga maandishi, anashikilia kitufe nusu, mwenzake anaondoa tiketi, ndipo anabonyeza.