Pikipiki Iliyokataa Kuwaka: Njia Moja ya Kufundisha Watoto Kutafuta Chanzo

Miongoni mwa kazi zimkabilizo mwalimu wa shule ya msingi, ni chache zilizo ngumu kama kumzoeza mtoto kutafuta chanzo cha jambo kabla ya kulitolea hukumu. Kutaja jibu ni rahisi, na kulikariri ni rahisi zaidi. Aghalabu mwanafunzi hujifunza mapema kwamba jibu limo kichwani mwa mwalimu, na kwamba kazi yake yeye ni kuutazama uso wa mwalimu na kubahatisha. Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza walimu wanachuo jinsi tulivyojaribu kuiondoa tabia hiyo kwa kutumia chombo ambacho hakimwogopi mwalimu wala hakimpendezi mtu: pikipiki iliyokataa kuwaka.

Tulikuwa tukifundisha Darasa la Sita katika shule moja ya kata ya Nyansurura, wilayani Serengeti. Shule ilikuwa na pikipiki moja, iliyotumika kupeleka taarifa Mugumu na, mara nyingi zaidi, kumfikisha mgonjwa kwenye matibabu wakati wa usiku. Mwalimu aliyekuwa akiiendesha alihamishwa mwezi wa Machi, mvua za masika zikaanza, na chombo kikawekwa stoo pamoja na majembe na madawati mabovu. Mwanzoni mwa Julai, barabara zilipokauka, kilitolewa nje. Kilipigwa kiki hadi vijana watatu wakatoka jasho, kisiwake. Fundi mmoja aliyepita alikitazama kwa dakika chache, akasema injini imekufa, na akajitolea kukinunua kwa bei ya chuma chakavu. Kamati ya shule ilipanga kukutana baada ya siku nne ili kuamua.

Tuliomba tupewe siku hizo nne kwa ajili ya masomo ya sayansi.

Somo la kwanza halikugusa spana. Tuliwauliza wanafunzi swali moja tu: injini huhitaji nini ili iwake? Watoto wa siku hizi wamekua wakiona bodaboda kila siku, nao walijua mengi kuliko tulivyotazamia. Walitaja mafuta, plagi, betri, kabureta, chujio la hewa. Majina ya mafundi tuliyapokea kama yalivyo, tukayaandika ubaoni, maana mtoto asiyekuwa na jina la kitu hawezi kuuliza habari zake. Kisha tuliwaongoza kuyapanga majina hayo katika safu nne: hewa, mafuta, cheche na mgandamizo. Injini ya namna hii, ambayo Nikolaus Otto wa Ujerumani aliikamilisha mwaka 1876, huvuta mchanganyiko wa hewa na petroli, huugandamiza ndani ya silinda, huuwasha kwa cheche, kisha huutoa moshi nje. Kwa uzito, petroli sehemu moja huhitaji hewa sehemu zipatazo kumi na tano. Likikosekana moja kati ya mambo hayo manne, mengine matatu hayafai kitu.

Baada ya hapo tuliwataka watoe dhana zao juu ya sababu ya pikipiki kutowaka. Msichana mmoja alisema, "Mwalimu, imekaa sana, imesahau." Darasa likacheka. Sisi tuliliandika neno lake ubaoni pamoja na mengine, tukauliza, "Je, tutafanya jaribio gani ili tujue kwamba imesahau?" Hakuna aliyepata jaribio. Basi dhana hiyo haikufutwa wala haikudhihakiwa. Ilibaki ubaoni ikingoja jaribio lake. Hilo ndilo jambo la kwanza tulilotaka watoto walishike: dhana haikataliwi kwa kicheko, wala haikubaliwi kwa sababu aliyeisema ni mkubwa. Maneno ya fundi, kwamba injini imekufa, nayo yaliandikwa ubaoni kama dhana miongoni mwa dhana.

Siku ya pili tulipanga majaribio. Kanuni yetu ilikuwa kuanza na lile lisilogharimu kitu, na kumalizia na lile linalohitaji kufungua injini. Kwanza macho: je, swichi imefunguliwa, koki ya mafuta imefunguliwa, choki inavutika? Pili pua: kifuniko cha tangi kilifunguliwa, na wanafunzi wakalinganisha harufu yake na ya petroli mpya kidogo iliyokuwa chupani. Ile ya tangini ilinuka kama rangi ya mafuta ya kupakia milango. Tukawaeleza sababu. Petroli si kitu kimoja, bali ni mchanganyiko wa vimiminika vingi. Vilivyo vyepesi, ambavyo ndivyo husaidia injini baridi kuwaka, hutoroka kwanza kwa kugeuka mvuke. Vibakivyo huungana polepole na oksijeni ya hewani na kufanya utomvu unaonata.

Tatu mikono. Mwanafunzi mmoja alipoingiza kijiti katika bomba la moshi, kilikwama. Nyigu walikuwa wamejenga humo nyumba yao ya udongo, wakaziba njia yote. Furaha ikawa kubwa. Udongo ulitolewa, kiki ikapigwa, na pikipiki haikuwaka.

Hapa palitokea jambo ambalo tunawasihi wanachuo walizingatie. Watoto karibu wote walisema, "Kumbe nyigu hawakuwa sababu." Mwanafunzi mmoja tu alibisha: "Huenda ziko sababu mbili." Darasa lilibishana nusu saa nzima, nasi tulinyamaza. Mwishowe walikubaliana wenyewe kwamba mlango uliofungwa kwa makomeo mawili haufunguki kwa kuondoa komeo moja, na bado komeo la kwanza lilikuwa komeo. Kama tungalisema sisi jambo hilo, wangaliliandika daftarini na kulisahau.

Siku ya tatu ilikuwa ya plagi. Jaribio hili lina hatari, na mwalimu asilifanye kwa pupa. Chombo cha petroli kilipelekwa mbali, koki ikafungwa, na wanafunzi wakasimama hatua kumi nyuma. Tuliichomoa plagi, tukairudisha ndani ya kofia ya waya wake, tukaigusisha kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake, tukiishika kwa koleo lenye vishikio vya mpira. Kiki ilipopigwa, cheche ya buluu ilionekana. Betri ilikuwa imekufa kabisa, lakini pikipiki ile hujitengenezea umeme wa cheche kwa sumaku zinazozunguka pamoja na injini. Kwa hiyo safu ya cheche ikafungwa. Plagi ikiwa bado nje, waya wake tuliuacha umegusishwa kwenye chuma, tukaziba tundu kwa kidole gumba. Kiki ilipopigwa tena, pumzi ya injini ilikisukuma kidole kwa nguvu. Mgandamizo ulikuwapo. Watoto wakaligeukia lile neno la fundi ubaoni, wakaomba ruhusa ya kulipigia mstari. Tuliwaruhusu, kwa kuwa safari hii jaribio lilikuwapo.

Ilibaki safu ya mafuta. Siku ya nne kabureta ilifunguliwa juu ya karai, katika hewa wazi, pasipo moto karibu. Ndani ya bakuli lake dogo palikuwa na utomvu wa rangi ya chai, na kitundu cha jeti, ambacho ni chembamba kuliko milimita moja, kilikuwa kimeziba. Hatukutumia sindano, kwa kuwa chuma kigumu hukipanua kitundu na kuharibu kipimo cha mafuta. Tulitumia unyuzi mmoja wa shaba kutoka waya wa umeme wa zamani. Petroli iliyochacha ilikingwa katika dumu, isimwagwe karibu na kisima. Ikatiwa lita moja mpya, choki ikavutwa, na kwa kiki ya tatu pikipiki ikawaka. Kamati ilipokutana jioni ile haikuwa na la kuuza.

Huenda mwanachuo akauliza: je, haya yote ni ya nini, ikiwa shule yangu haina pikipiki? Jibu letu ni kwamba ugonjwa huu ni wa kila mahali, na dawa yake ni moja. Mashine ya kusaga iliyolala baada ya msimu, pampu ya maji iliyowekwa wakati wa mvua, baiskeli, hata taa: vyote vyaweza kuwa somo. Huko Kanada na katika nchi nyingine za theluji, vyombo vyenye injini viendavyo juu ya theluji hulazwa majira yote ya joto, na wenyewe wavitoapo hukuta utomvu uleule ndani ya kabureta. George Pólya, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, katika kitabu alichokitoa mwaka 1945 juu ya kutatua maswali, alipendekeza hatua nne: kulielewa swali, kupanga njia, kuifuata njia, na kutazama nyuma. Watoto wa Nyansurura walizipita hatua hizo zote. Kutazama nyuma kwao kulikuwa kuandika, katika kipindi cha Kiswahili, maelekezo ya kulaza pikipiki: funga koki na uiache injini imalize mafuta ya kabureta, ziba bomba la moshi kwa kitambaa chekundu kinachoonekana, ili kisisahauliwe, weka chombo mahali pakavu.

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka mtoto awe na akili ya kudadisi, wala si mikono yenye jembe tu. Na Azimio la Musoma, lililopitishwa mkoani kwetu mwezi Novemba 1974, liliazimia kwamba watoto wote wenye umri wa shule wapate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Kumwingiza mtoto darasani ni jambo moja. Kumpa njia ya kufikiri ni jingine.

Iko sababu nyingine iliyotufanya tuandike. Muhula uleule alirudi shuleni mvulana wa Darasa la Nne aliyekuwa machungani kwa miezi mingi. Hakusoma neno hata moja ubaoni, na ilishauriwa ashushwe hadi Darasa la Pili. Sisi tulimjaribu kwa kanuni ileile, jambo moja kwa wakati mmoja. Tulimsogeza kwenye dawati la mbele. Akaanza kuzitambua silabi, ingawa hakutoa sauti. Tulimsikiliza peke yake baada ya masomo, mbali na wenzake. Akasoma sentensi nzima. Kumbe makomeo yalikuwa mawili, macho na haya, wala hakuwa amesahau. Alibaki Darasa la Nne katika dawati la mbele, na mzazi wake akashauriwa ampeleke akapimwe macho.

Hata hivyo, tahadhari moja ni ya lazima. Mtoto si injini. Injini haioni aibu ikijaribiwa mbele ya watu, na haikumbuki neno baya lililosemwa juu yake. Mtoto huona na hukumbuka. Kwa hiyo majaribio yake yafanywe faraghani, kwa upole, na asijue kwamba anapimwa.

Basi, ndugu mwanachuo, utakapopangiwa shule yako ya kwanza, utakuta vyombo vilivyolala na watoto waliolala, na utakuta watu wenye haraka ya kusema kwamba vimekufa na kwamba hawa ni wazito. Usishindane nao kwa maneno. Andika dhana yao ubaoni pamoja na nyinginezo, anza na jaribio jepesi, badili jambo moja kwa wakati mmoja, na usifute dhana yoyote mpaka jaribio lake limefanywa.