Chumvi ya Buffalo na kodi ya nyumba ya Ndosho

Mtaani Ndosho, magharibi mwa mji wa Goma, mama mmoja mwenye asili ya Masisi amepanga chumba cha mbao chenye mlango mmoja na dirisha moja. Majirani wanajua kwamba kodi yake hutoka ng'ambo. Wanachojua wachache ni kwamba kodi hiyo iliwahi kuliwa na chumvi. Haikuwa chumvi ya jikoni. Ni chumvi inayomwagwa barabarani katika mji wa Buffalo, Marekani, anakoishi mtoto wake wa kwanza.

Buffalo ni mojawapo ya miji ya Marekani iliyopokea familia nyingi za Wakongomani waliotoka kwenye kambi za wakimbizi za Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Mtoto huyo alipitia Nakivale, Uganda, kabla ya kupelekwa kule. Mji uko kando ya ziwa, kama Goma. Lakini ziwa lao, Erie, likipitiwa na upepo wa baridi, huleta theluji nyingi kwa muda mfupi. Mwezi wa Novemba 2022, katika vitongoji vya kusini mwa mji huo, theluji ilipanda hadi kama mita mbili kwa siku chache tu.

Ili magari yasiteleze, malori hupita usiku na mchana yakimwaga chumvi ya mawe. Maji yenye chumvi hayagandi upesi kama maji matupu, na kwa hiyo barafu huyeyuka na lami huonekana. Chumvi ya kawaida hufanya kazi vizuri mpaka kwenye nyuzi 9 hivi chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo, huongezewa chumvi za aina nyingine, za kalsiamu au magnesiamu. Nyingine huchimbwa ardhini: upande wa Cleveland, kuna mgodi wa chumvi chini ya ziwa lenyewe la Erie, zaidi ya mita 500 kwenda chini.

Chumvi hiyo huokoa maisha ya watu. Lakini chuma haikihurumii.

Kijana huyo wa Masisi hakulijua hilo. Gari lake la kwanza lilikuwa la zamani, alilinunua kwa akiba ya miaka miwili. Kazi yake ilikuwa ya usiku, kwenye kiwanda cha kupaki vyakula nje ya mji, mahali ambapo basi halifiki saa zile. Aliwabeba Wakongomani wengine watatu, nao walimchangia mafuta. Wakati wa joto aliliosha gari kila Jumapili. Wakati wa baridi hakuliosha kabisa. Aliwaza hivi: theluji ni maji, na maji huosha. Gari likigeuka jeupe kwa chumvi, alisema litatakata lenyewe mvua za masika zikija.

Januari 2025, wakishuka mteremko kutoka kazini, alikanyaga breki na pedali ikaenda mpaka chini bila kushika. Gari lilisimama kwenye lundo la theluji pembeni mwa barabara. Hakuna aliyeumia. Fundi aliponyanyua gari, alimwonyesha mrija wa breki uliopasuka, umeoza kama mti ulioliwa na mchwa. Chasi nayo ilikuwa na matundu ambamo kidole kilipita. Matengenezo yangezidi bei ya gari lenyewe, na katika jimbo la New York gari halitembei bila ukaguzi wa kila mwaka. Gari lile likaenda kuuzwa kama chuma chakavu.

Hiyo si bahati mbaya ya mtu mmoja. Mwaka 2015, ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama barabarani, NHTSA, ilitoa onyo kuhusu mirija ya breki inayoozeshwa na chumvi kwenye magari yaliyozeeka. Iliwashauri wenye magari hayo kuosha upande wa chini na kukaguliwa mirija yao.

Bila gari, kazi ya usiku ilikwisha ndani ya wiki mbili. Na wiki hizo hizo, huku Goma, mambo yalikuwa yamegeuka. Mwishoni mwa Januari vita viliingia mjini, na benki nyingi zikafunga milango. Mwezi wa Februari kambi za wakimbizi wa ndani zilizouzunguka mji zikavunjwa. Mama huyo alikuwa Bulengo. Alitoka na godoro, sufuria mbili na bidoni ya maji. Kijijini kwake nyumba haikuwepo tena. Alihitaji chumba, na mwenye chumba alitaka garanti ya miezi mitatu, kama ilivyo desturi ya Goma.

Alimpigia simu mtoto wake wa kwanza. Kwa mara ya kwanza tangu afike Marekani, mtoto huyo hakuwa na kitu cha kutuma. Mama alilala kwenye veranda ya watu wa kanisa lake kwa wiki sita.

Alipoelezewa sababu, hakushangaa kama mwanawe alivyotarajia. Yeye ni mtu wa ng'ombe. Huko Masisi walikuwa wakiwalambisha ng'ombe chumvi, nyingine ikitoka ziwa Katwe nchini Uganda. Alimwambia hivi: «Ndoo ya bati tuliyowekea chumvi ya ng'ombe ilikuwa haimalizi mvua mbili. Inatoboka chini, wewe unaangalia juu tu. Ulikuwa unachunga, umesahau?»

Alikuwa amesahau.

Masika yalipofika alipata gari la pili, la mkopo, na kiwanda kikamrudisha. Kodi ya Ndosho ikaanza kutumwa kwa simu. Safari hii aliapa kwamba chumvi haitalala juu ya gari lake hata usiku mmoja. Theluji ya kwanza ilipoanguka, mwisho wa mwaka, alianza kuliosha gari kila siku, na kwa nguvu. Asubuhi, kabla ya kulala, alichukua taulo kavu na kusugua ule weupe milangoni. Jumamosi alikwenda kwenye kituo cha kujioshea gari kwa kutumbukiza sarafu, akachukua burashi ya povu iliyoning'inia ukutani, akasugua kuanzia kwenye boneti mpaka nyuma.

Siku jua lilipotoka, aliona. Rangi nyeusi ya gari ilikuwa imejaa michirizi midogo ya mviringo, kama utando wa buibui. Kwenye mlango wa dereva palikuwa na mkwaruzo mmoja mrefu uliofika kwenye chuma. Baada ya wiki mbili mkwaruzo ule uliota doa la kahawia. Alikimbia kutu ya chini, akaifungulia mlango juu.

Alimtumia picha mdogo wake. Huyo mdogo alibaki Goma na huosha pikipiki kwenye ufuko wa ziwa Kivu. Hajawahi kuona theluji. Jibu lake lilikuja kwa sauti, na nyuma yake zilisikika injini na watu wakibishana bei: «Yaya, usikasirike nikikuuliza. Ulimwaga maji kwanza, ao ulianza na kitambaa?»

Mkubwa alinyamaza siku nzima kabla ya kujibu.

Wanaoishi Goma wanaelewa swali hilo. Mji umejengwa juu ya mawe ya volkano, na sehemu zake zimefunikwa na lava ya Nyiragongo ya 2002 na ya 2021. Vumbi lake jeusi ni kali kama chupa iliyosagwa. Mwosha pikipiki anayeanza na kitambaa kikavu huchora tangi, na mwenye pikipiki hamsamehi. Kwa hiyo vijana wa ufukoni wana utaratibu wao: maji kwanza, mkono baadaye. Kitambaa kikianguka chini, hakirudi kwenye pikipiki siku hiyo. Na kitambaa cha magurudumu hakigusi tangi.

Chumvi ya Buffalo ni ndugu ya vumbi hilo. Ikikauka juu ya gari hushikamana na mchanga na changarawe ya barabarani. Anayeisugua ikiwa kavu anasugua mchanga kwenye rangi. Na burashi ya pale kituoni, aliyeitumia mbele yako pengine alisugulia magurudumu ya lori lake. Mawe yake yamebaki ndani ya nywele za burashi, yanakungoja wewe.

Ndugu hao wawili walipanga upya kazi nzima kwa simu, kidogo kidogo. Mdogo alileta ya ufukoni, mkubwa akaongeza aliyoambiwa na fundi wake kuhusu baridi. Kwa wenye watoto na ndugu katika nchi za theluji, huu ndio utaratibu waliofikia.

Kwanza, kuchagua siku. Anangoja joto lipande juu ya sifuri, nyuzi 4 au 5 hivi, na anaosha mchana ili gari likauke kabla ya usiku. Akiosha kwenye baridi kali, maji huganda kwenye milango na vitasa, na kesho yake gari halifunguki. Maji ya moto sana hayamwagi kwenye kioo kilichoganda, kwani kioo kinaweza kupasuka. Hahitaji kuosha kila siku. Mara moja kwa wiki moja au mbili inatosha, na tena baada ya theluji kubwa barabara zinapokuwa zimelowa chumvi.

Pili, maji bila kugusa. Anatumia maji ya presha, akiweka mdomo wa bomba mbali kidogo na rangi, kama sentimita 30. Hapo hutumia muda mwingi kuliko mahali pengine pote: chini ya gari, ndani ya nafasi zilizo juu ya matairi, nyuma ya magurudumu, kwenye kingo za chini za milango. Huko ndiko mirija ya breki na chasi vilipo, na huko ndiko gari la kwanza lilikofia. Juu huonekana na watu, chini hubeba watu.

Tatu, povu. Anapuliza sabuni ya magari, siyo ya vyombo, kwa sababu sabuni ya vyombo huondoa nta inayolinda rangi. Analiacha povu dakika chache lilainishe uchafu, lakini halikauki. Kisha anasuuza tena kutoka juu kwenda chini. Siku nyingine anaishia hapo, bila kugusa gari kabisa. Kama hana muda, huenda kwenye mashine inayoosha kwa maji peke yake, isiyo na burashi, yenye kurusha maji chini ya gari.

Nne, mkono. Kama uchafu umebaki, anatumia glavu laini ya kuoshea na ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya maji matupu. Anapomaliza mlango mmoja, anaisuuza glavu kwenye maji matupu kabla ya kuirudisha kwenye sabuni. Anaanza juu, kwenye paa, anamaliza chini kwenye uchafu mwingi. Anakwenda kwa mstari ulionyooka bila kukandamiza na bila kuzungusha. Magurudumu yana kitambaa chao.

Tano, kukausha. Anatumia taulo laini, anaiweka na kuiinua, hasugui. Anapangusa mipira ya milango, kisha anafungua na kufunga milango mara kadhaa ili isigande. Na kabla ya msimu wa baridi kuanza, gari hupakwa nta, maana chumvi haishiki sana kwenye rangi yenye nta.

Ule mkwaruzo uliofika kwenye chuma haukuachwa. Siku ya joto kidogo fundi alikwangua kutu, akapaka dawa ya kuzuia kutu, kisha rangi. Doa linaonekana bado ukisogea karibu. Michirizi ya mviringo nayo ipo. Mkubwa amesema ataiacha mpaka masika, kwani kuing'arisha ni pesa, na pesa ina mahali pake pa kwenda.

Katika haya yote, kilichowagusa wengi wa familia hiyo si gari. Kwa miaka mingi maelekezo yalitoka upande mmoja. Aliye Marekani alituma pesa pamoja na shauri: fanya hivi, usifanye vile. Aliye Goma alipokea na kushukuru. Watu wengi waliobaki wameanza kuamini kwamba wao ni wa kupokea tu, hasa waliopitia kambini, mahali ambapo hata maharage unapimiwa na mtu mwingine. Lakini breki za ndugu yao zililiwa na kitu ambacho mama yao alikijua tangu ujana wake Masisi, na rangi ya gari lake ilichorwa kwa kosa ambalo mdogo wake hulikataza kila asubuhi kwa wanafunzi wake wa ufukoni. Hakuna aliyewauliza. Na wao hawakufikiri kwamba wana la kusema.

Msimu huu gari la pili lilinyanyuliwa tena kwa ajili ya ukaguzi. Fundi alimulika tochi chini, akagonga chasi, akafuata mirija ya breki kwa kidole mpaka mwisho. Akabandika karatasi ya ukaguzi kwenye kioo. Mkubwa alipiga picha ya karatasi hiyo, akaituma kwa mdogo wake kabla ya kumtumia mtu mwingine yeyote.

Mdogo alikuwa na pikipiki mbele yake, mikono imejaa povu. Alimwomba mteja asubiri kidogo, akajifuta mikono, akapanda hadi Ndosho jioni kumwonyesha mama picha. Mama aliiangalia karatasi asiyoweza kuisoma, akauliza jambo moja tu: kama chini pia wameangalia.

«Wameangalia, mama. Walianzia chini.»

Tarehe tano, kodi ilifika.