Kila Mwamba Ngozi: Nissan GT-R na Porsche 911 katika Mizani ya Nürburgring

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kila mwamba ngozi huvutia kwake. Aghalabu tunaitumia methali hii tunapozungumzia siasa na urithi. Mimi, hata hivyo, ilinikaa moyoni kwa sababu ya magari mawili ya kasi, na katika makala haya nadhamiria kueleza ilivyotukia, na kwa nini naona jambo lenyewe linatugusa sisi wana-Kiswahili.

Katika milima ya Eifel, magharibi mwa Ujerumani, kuna barabara ya mashindano iitwayo Nürburgring, iliyofunguliwa mwaka wa 1927. Sehemu yake ya kaskazini, Nordschleife, ina urefu wa takriban kilomita 20.8 na kona zaidi ya 70 zinazopanda na kushuka msituni. Dereva Jackie Stewart aliibandika jina la Jehanamu ya Kijani, wala hakutia chumvi. Mwaka wa 1976 Niki Lauda aliponea chupuchupu humo gari lake liliposhika moto, na mashindano ya Formula One hayakurudi tena katika sehemu hiyo. Makampuni ya magari yameifanya barabara hiyo kuwa mizani yao: gari hupelekwa huko, likazunguka mara moja, na saa ikatoa hukumu.

Mwaka wa 2008 saa ilitoa hukumu mbili zinazokinzana. Mwezi wa Aprili, gari la Nissan GT-R likiendeshwa na Toshio Suzuki lilimaliza mzunguko kwa dakika 7 na sekunde 29. Baadaye mwaka uo huo, kampuni ya Porsche ilieleza kuwa imenunua GT-R nchini Marekani na kuijaribu yenyewe huko huko Nürburgring. Ikatumia dakika 7 na sekunde 54, ilhali Porsche 911 Turbo ilitumia dakika 7 na sekunde 38. Porsche ikatilia shaka iwapo gari la rekodi lilikuwa la kawaida. Nissan ikashikilia kuwa lilikuwa lile lile linalouziwa wateja.

Msomaji asiidharau tofauti hiyo ya sekunde 25. Kwa mwendo wa rekodi ile, gari hukata zaidi ya mita 45 kila sekunde. Maana yake ni kwamba GT-R iliyopimwa na Nissan ingefika mwisho na kuiacha GT-R iliyopimwa na Porsche nyuma kwa zaidi ya kilomita moja. Na jina la gari ni moja!

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi, na bweni letu liligawanyika pande mbili. Marafiki wawili waliokuwa wakila sahani moja hawakusemezana kwa juma zima. Kwa kuwa mjomba wangu ni fundi wa magari, nilitwikwa jukumu la kumuuliza yeye awe mwamuzi. Moyo wangu ulikuwa upande wa Nissan, kwani nililelewa kwa simulizi zake za Datsun 240Z iliyotwaa ushindi wa mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka wa 1971, na tena mwaka wa 1973 Shekhar Mehta akiwa usukanini. Porsche 911, alipenda kunikumbusha, iliishia nafasi ya pili mwaka wa 1974 na 1978.

"Mjomba, nani mkweli?" nikamuuliza.

"Mpwa wangu, umeniletea saa tu," akanijibu. "Hujaniambia matairi gani, dereva nani, wala kama barabara ilikuwa kavu. Gari haliendi peke yake."

Nilirudi bwenini na jibu ambalo halikuufurahisha upande wowote, lakini lilitufanya tuyachunguze magari yenyewe. Yote mawili yalikuwa na nguvu za farasi 480, na yote yalisukumwa kwa magurudumu manne. GT-R ilikuwa na uzito wa kilo 1,740, nayo 911 Turbo takriban kilo 1,585. Kwa hesabu ya uzito, Porsche ingepaswa kutangulia. Hata hivyo, GT-R ilikuwa na gia za klachi mbili zilizobadilika bila nguvu ya injini kukatika, na 911 Turbo ya wakati huo haikuwa nazo. Karatasi, basi, haikuweza kumaliza ubishi ambao saa imeshindwa kuumaliza.

Fauka ya hayo, hata saa moja inaweza kutoa majibu mawili. Mwaka wa 2021 Lars Kern aliendesha Porsche 911 GT2 RS iliyoboreshwa na Manthey kwa dakika 6 na sekunde 43.300. Katika mzunguko huo huo, kwa kipimo cha zamani cha kilomita 20.6, ilihesabiwa dakika 6 na sekunde 38.835. Dereva ni yule yule na gari ni lile lile; kilichobadilika ni mahali kipimo kilipoanzia na kukomea. Ndiyo maana tangu mwaka wa 2019 wasimamizi wa Nürburgring wametaka rekodi rasmi ipimwe kwa urefu wote wa kilomita 20.832, mbele ya shahidi wa kisheria.

Je, sisi tuna shahidi gani? Katika mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko kuhusu ushairi, mara ngapi shairi huru limehukumiwa kwa idadi ya mizani, na shairi la arudhi likahukumiwa kwa uhuru ambao halikuutafuta? Mara ngapi tumesema lahaja fulani ni fasaha kuliko nyingine, ilhali anayepima ni mzawa wa moja kati ya hizo mbili?

Zile rekodi mbili za mwaka wa 2008 bado zinakinzana. Marafiki zangu walipatana, ila si kwa sababu mmoja alishinda. Mimi ningali mpenzi wa Nissan, na mapenzi hayo sitaki kuyaita ushahidi. Siku hizi mwanafunzi anaponiandikia kuwa mshairi fulani ni bora kuliko mwenzake, humrudishia karatasi yake na swali moja pembeni: umewapimia barabara gani?