Onja tu, mwenzangu

Jumamosi jioni, akina mama watano wamekaa sebuleni kwa mwenzao huko Dodoma, mkoa ambao zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mezani kuna chupa tatu na sahani ya jibini kutoka Njombe. Imetolewa kwenye friji nusu saa iliyopita, maana jibini ya baridi haina ladha.

Wanaanza na mvinyo mweupe, kisha mwekundu usio na sukari. Huu mwekundu peke yake una ukakasi kama wa ndizi mbichi. Lakini ukitafuna kwanza jibini ngumu iliyokomaa, mafuta na chumvi yake huulainisha. Mtamu huwekwa mwisho, na hapo wengi hukosea: ukitangulia, mingine yote itaonekana michachu.

Mmoja amefunika glasi yake kwa kiganja.

“Onja tu, mwenzangu, tone moja halilevyi,” anabembelezwa.

Hajibu. Ni mwenye nyumba tu anayejua kuwa huu ni mwezi wa nne tangu aache pombe, na siri si yake ya kuisema. Anakwenda jikoni, anarudi na juisi ya zabibu na kuimimina kwenye glasi zote, ya kwake ikiwa ya kwanza.

“Hii nayo tuionje na jibini.”

Wanaonja. Inapatana vizuri, hasa na ile yenye chumvi nyingi.

Binti wa miaka 11, aliyeleta mkate, amesimama mlangoni.

“Mama, nami naomba ile ya anti.”

Anamiminiwa.