Kamera ya Kuazima na Haki ya Mwenyewe



Kuazimana vyombo ni ada ya zamani katika mitaa yetu. Nyumba ikiwa na arusi, masufuria, sinia na majamvi hutoka nyumba kumi, na shughuli ikiisha hurudi nyumba kumi, kila chombo na alama ya mwenyewe ili kisipotee. Siku hizi vimeongezeka vyombo vya aina nyingine: kipaza sauti, simu, kamera. Hivi ni ghali na ni vyepesi kuharibika, na wengi wetu hatujui la kufanya vinapoharibika mkononi mwa walioviazima. Juma hili twapenda kueleza yaliyotufika Kisumu, huenda yakamfaa mtu.

Likizo ya Desemba tulisafiri na jamaa kumzuru mama yetu mkubwa, akaaye Kaloleni ya Kisumu. Mama yetu mzazi, mdogo wake, yuko Mombasa, na magoti hayamruhusu tena safari ndefu. Alitutuma jambo moja tu: tumletee sura ya dada yake, kwenye karatasi, ya kushikwa mkononi. Kwa ajili hiyo tuliazima kamera ya kijana wa mtaani kwetu, ambaye hupata riziki yake kwa kuwapiga watu picha za vitambulisho. Mama mkubwa si mtu wa kupenda picha, lakini kwa ajili ya mdogo wake alikubali, akakaa barazani, akajitengeneza mtandio, akatazama mbele.

Siku ya pili jamaa walikwenda Dunga, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, ambako wageni hupanda mashua kuwaona viboko na ndege wa kwenye mafunjo. Wakati wa kushuka mashua iliyumba, na kamera ikamponyoka shemeji yetu, ikaanguka juu ya mawe lenzi yake ikiwa nje. Kila ilipowashwa ilikoroma, ikaandika kwamba lenzi ina kasoro, ikajizima.

Hapa pana la kujifunza. Lenzi ya kamera ndogo husukumwa nje na kurudishwa ndani kwa mota ndogo na gia nyembamba. Ikipigwa ikiwa nje, hupinda kidogo tu, na gia hukwama. Kuiwasha na kuizima kwa matumaini huzidi kuvunja meno ya gia hizo. Lililo bora ni kuizima, kutoa betri, kutoa kadi ya kumbukumbu, na kuipeleka kwa fundi. Wala mtu asiifungue nyumbani kwa bisibisi: ndani yake mna kapasita ya fleshi, ambayo huweza kubaki na umeme wa volti 300 hivi hata baada ya betri kutolewa.

Fundi tuliyemwendea mjini Kisumu ni fundi wa simu. Aliitazama, akatwambia kweli bila ya kutuzungusha: vipuri havipatikani, na gharama ya kuvitafuta itapita thamani ya kamera. Hilo halikutushangaza. Mwaka 2010 kampuni za Kijapani zilipeleka sokoni kamera za dijitali zaidi ya milioni 120; ilipofika mwaka 2020 hazikufika milioni 10, kwani watu wamegeukia simu. Lakini fundi huyo huyo aliichukua kadi, akaitia katika kompyuta, na mama mkubwa akatokea barazani kwake, mzima. Kadi haina kitu kinachozunguka wala kusogea ndani yake, kwa hivyo mara nyingi husalimika pale kamera ilipokufa. Tuliomba picha zinakiliwe mahali pawili kabla ya kadi kuguswa tena.

Likabaki la mwenyewe. Shemeji, aliyesoma kwa Mahanafi, alisema kwamba kitu cha kuazima ni amana, na aliyekiazima halipi ila akizembea au akipita mpaka. Ni kweli, hayo ndiyo madhehebu ya Imam Abu Hanifa. Lakini katika madhehebu ya Imam Shafi, tuyafuatayo wengi wetu Pwani, kitu cha kuazima kikiharibika nje ya matumizi kilichoruhusiwa, aliyekiazima hukidhamini, hata kama hakuzembea. Tulimjibu shemeji kwa upole kwamba anayebadilisha madhehebu siku ya kulipa hatafuti elimu, atafuta nafuu.

Kinacholipwa ni thamani ya kitu siku kilipoharibika, wala si bei ya kipya dukani. Kikibaki na thamani yoyote, hulipwa tofauti. Tuliporudi Mombasa, muuzaji wa vitu vilivyotumika, asiye jamaa wa upande wowote, alikadiria kwamba kamera ile ilikuwa ya shilingi 7,000 ikiwa nzima, na 1,000 ikiwa mbovu. Deni lilikuwa 6,000.

Kijana alipopewa habari alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sheikh, nimesamehe. Ajali haina kinga." Maneno mazuri, lakini aliyasema barazani, mbele ya wazee. Mbele ya watu kijana huweza kusamehe kwa ulimi kwa ajili ya haya, na moyo wake usiwemo. Tena Januari ndio msimu wake, wazazi wanapotaka picha za watoto wanaoingia shule. Kumwachia msamaha wa haya ni kumla riziki yake. Kwa hivyo tulimfuata kwao jioni, peke yake, tukamtia fedha zote mkononi, tukamwambia: "Hizi ni haki yako. Sasa ukitaka kusamehe, samehe kilicho chako." Alizihesabu, akarudisha elfu moja, akacheka. Tukaipokea, kwani kukataa ihsani ya mtu nako kwamvunja moyo.

Mama yetu aliletewa picha yake. Aliisogeza karibu na dirisha, akaitazama sana, kisha akasema, "Dada amezeeka. Naye angeniona angesema vivi hivi." Mpaka leo iko chini ya mto wake.

Basi, ndugu zetu, anayeazima na aulize mapema chombo ni cha thamani gani, na kikiharibika itakuwaje. Asingoje kuulizwa habari yake. Aende mwenyewe, mapema, na fedha kadiri ya uwezo wake, na zilizobaki aziandike deni. Na mwenye chombo asione haya kupokea haki yake kwa mzee, wala kwa jirani, wala kwa sheikh. Watu wakilipana hivi, milango ya kuazimana haitafungwa.

Wabillahi tawfiq.