Mshauri Anapoandika kwa Jina Lake

Wanafunzi wangu, na hata maofisa wa halmashauri ninaokutana nao kazini, wameniuliza mara kadhaa kwa nini mtu anayelipwa kutoa ushauri aandike mawazo yake hadharani bila malipo. Swali hilo lina busara. Nje ya darasa mimi ni mshauri mwelekezi wa kujitegemea; ujuzi ndio bidhaa yangu, na hakuna mwenye duka anayegawa bidhaa zake barabarani. Wapo wanaodhani natafuta wateja. Sikatai kwamba wawili watatu wamenijia kwa kuwa walinisoma kwanza, ila hiyo siyo sababu inayoninyima usingizi.

Sababu imo katika kazi yenyewe. Ushauri huanza na hadidu za rejea, nazo huandikwa na anayelipa. Swali ni lake. Mshauri hutafuta jibu tu. Mwaka 2011 Profesa Mahmood Mamdani aliwaonya wenzake wa Makerere juu ya utamaduni huu, kwamba mtafiti aliyezoea kujibu maswali ya wengine husahau kuunda ya kwake. Mimi naongeza jambo moja. Jibu likishapatikana, ripoti huwa mali ya mteja. Huandikwa kwa Kiingereza, huwasilishwa katika ukumbi wa hoteli Dodoma au Dar es Salaam, kisha huingia kabatini. Waliotoa maelezo hawaioni.

Miaka michache iliyopita kazi ya namna hiyo, kuhusu pamba, ilinifikisha Lingeka, wilayani Meatu. Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, ni kitovu cha pamba nchini, na wakulima wake wamehojiwa hadi wamechoka. Tulikaa kivulini, dodoso mkononi. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwalimu, wenzako walikuja wakaandika, na wengine wakaja wakaandika. Hayo maandishi huwa mnayapeleka wapi?" Nikamweleza habari za mteja na mkataba. Akatafakari kidogo. "Basi hata mmoja wenu angekuja kutusomea, tungemwonyesha palipo uongo."

Wengine wangeyachukua maneno yale kuwa malalamiko. Kwangu yalikuwa hoja ya mbinu za utafiti, tena nzito kuliko nyingi ninazosahihisha katika tasnifu. Wasukuma wana dagashida, baraza ambamo jambo husemwa mbele ya watu nao hupata nafasi ya kulipinga. Ripoti ya ushauri haina dagashida.

Chukua msimu wa mwaka 2019. Bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei katika soko la dunia ikashuka, wanunuzi wakasita. Wako wakulima waliokwisha kupeleka pamba yao AMCOS wakasubiri malipo kwa miezi. Katika lugha ya ripoti jambo hili huitwa "changamoto ya ukwasi". Ni msamiati safi, usio na mtu ndani yake. Nilipoandika kwa jina langu, kwa Kiswahili, nilisema kwamba pamba ikipokelewa leo na fedha ikaja baada ya miezi, mkulima ndiye aliyegeuzwa benki: amekopesha bila riba na bila kuulizwa, huku mvua za Novemba zikimdai mbegu na viuatilifu vya msimu unaofuata.

Siku chache baadaye karani wa AMCOS mojawapo aliniandikia. Alinikumbusha kwamba chama chao huishi kwa ushuru wa kila kilo inayonunuliwa. Ununuzi ukikwama, chama chenyewe hakina fedha ya kumlipa hata mlinzi wa ghala, wakati mkulima anamjia yeye, si mnunuzi, kudai haki yake. Hakuna dodoso langu lililokuwa na nafasi ya maelezo hayo. Yalinifikia kwa sababu andiko lilikuwa wazi na katika lugha anayoitumia kugombana na kupatana.

Uwazi huu una gharama, nami sipendi kuupamba. Septemba 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015, na kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali kukawa jambo la kumfikisha mtu mahakamani. Mwaka 2019 sheria ikalegezwa. Katika kipindi hicho niliona wasomi wengi wakichagua ukimya, na wako wasiorudi kuandika hadi leo. Mshauri wa kujitegemea yuko peke yake zaidi, kwa kuwa hana mwajiri wa kumkinga, ana mkataba ujao tu. Mteja mmoja aliwahi kuniambia, kwa upole, kwamba "naandika sana". Hakunipigia simu tena.

Kwa hiyo nina mipaka. Takwimu za mteja sizigusi, wala sitaji jina la mkulima aliyenifungulia moyo. Naandika niliyoyaona mwenyewe na yaliyokwisha kuwa wazi. Katika mikataba mipya naomba kipengele kimoja: muhtasari wa Kiswahili usomwe kwenye mkutano wa kijiji kabla ripoti haijapitishwa. Baadhi hukubali. Wengine huniuliza nani atalipia siku hiyo, nami nimeanza kuiingiza katika bajeti, pamoja na nauli na chai ya wazee.