Motokaa Zikigusana Njiani

Ajali kubwa humfundisha kila mtu kwa kishindo chake. Ajali ndogo, isiyoua mtu wala kuvunja mfupa, ndiyo imjaribuyo mtu kwa siri. Nasi tulijaribiwa, na yafaa tuyaeleze yaliyotupata, ijapokuwa baadhi yake yatutia haya.

Ilikuwa Ijumaa jioni mjini Mombasa, karibu na Mwembe Tayari, nasi twarudi nyumbani pamoja na kijana wetu wa miaka 15. Tuktuk iliyokuwa mbele yetu ilisimama kumshusha abiria, tukaigonga kwa nyuma. Taa yake ilivunjika na bati likabonyea. Motokaa yetu haikupata ila mkwaruzo. Ndani ya tuktuk alikuwamo bibi mmoja mtu mzima, amekumbatia kikapu chake.

Kijana wetu alitazama huku na huku, akasema, "Baba, twende zetu. Hapana askari."

Neno hilo lilituchoma, kwa maana sisi wenyewe tulikuwa tumekwisha kuliwaza kabla yake. Tukazima motokaa, tukawasha taa za hatari, tukashuka. Walakini ulimi ulikuwa haujanyoka bado, kwani tulianza kumwambia dereva, "Mbona umesimama ghafula?" Naye hakusimama ghafula. Sisi ndio tulioinamisha macho kusoma habari katika simu, na aliyetuona ni mwana wetu peke yake. Alitutazama usoni, hakusema kitu. Tukatahayari, tukasema mbele ya wote, "Tusamehe, kijana. Hukukosa wewe."

Bibi yule alisema, "Si kitu, mwanangu," akataka kwenda zake. Naye dereva aliomba shilingi 3,000 mkononi yaishe, kwa kuwa tuktuk si mali yake, na jioni hudaiwa hesabu na tajiri wake. Kutoa fedha na kuondoka kulikuwa kwepesi sana. Twamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba hatukufanya hivyo. Tulimpeleka bibi kwa daktari, tukamwachia jina letu na nambari ya simu. Na usiku ule bega lake likavimba. Maumivu ya kugongwa mara nyingi huchelewa kujitokeza. Lau tungaliachana bila ya kujuana, angalitupata wapi?

Basi hayo ndiyo tuliyojifunza, nasi twayaweka mbele ya vijana wetu waanzao kushika usukani. Kwanza, simama, kisha tazama watu kabla ya kutazama bati. Palipo na majeruhi, ita msaada, wala motokaa zisisogezwe mpaka askari aruhusu, ila kwa kuokoa maisha. Pasipo majeruhi, piga picha za motokaa zote mbili na barabara, kisha zisogezeni kando ili msilete ajali ya pili. Ikiwa haiwezi kusogea, weka pembetatu ya onyo nyuma yake. Andikianeni majina, simu, nambari za motokaa na kampuni za bima, na mtake jina la shahidi mmoja au wawili.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, yamtaka dereva asimame, ataje jina lake na anwani yake, na ya mwenye motokaa. Habari ipelekwe polisi upesi, wala zisipite saa 24. Huko ndiko ipatikanako abstrakti, hati itakiwayo na watu wa bima. Tena yafaa kuisoma bima yako kabla ya siku ya haja. Bima ya lazima chini ya Sura ya 405 ni kwa ajili ya mauti na majeraha ya watu. Kama yafikia pia mali ya mwenzako, hayo utayaona katika mkataba wako.

Liko jambo moja lililotutatiza. Mikataba mingi ya bima humkataza mwenye motokaa kukubali deni au kuahidi malipo bila ya idhini ya kampuni. Je, Mwislamu afiche kweli? La, hasha. Kusimulia yaliyotokea kama yalivyotokea, kwa askari na kwa bima, ni ushahidi, na ushahidi ni wajibu hata ukituelemea sisi wenyewe. Kuahidi kiasi cha fedha ni jambo jingine, na hilo laweza kungoja. Tuliandika polisi kwamba tulikuwa tukitazama simu, nasi tukabeba yaliyofuata.

Bima yetu ilitengeneza taa na bati. Lakini siku tatu alizokaa kijana yule bila ya kazi hakuna aliyezihesabu. Ilipomaliza bima kazi yake, tulizihesabu sisi, kwani haki ya mja haifutwi na muhuri wa kampuni. Tukatoa mfukoni mwetu, na aliyezipeleka fedha zile ni mwana wetu.

Tangu siku hiyo, tuingiapo motokaani, yeye hunyosha mkono bila ya kusema neno, nasi humpa simu.